Biashara Matangazo: Kalamu Iwaite Wanunuzi wa Asali Yetu

Katika kisomo ulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Hiyo ni kazi kubwa uliyoifanya. Lakini wako wenzetu ambao wakishapata cheti wanaichomeka kalamu kwenye makuti ya paa. Wanaichomoa siku ya kuandika barua ya msiba, basi. Kalamu isiyotumika hukauka wino, na elimu isiyotumika husahaulika.

Leo tutajifunza kazi nyingine ya kalamu. Kalamu inaweza kumwita mnunuzi aliye mbali, ambaye hujamwona wala yeye hajakuona. Atakufuata kwa sababu amesoma maneno yako, akapata faida, akakuamini.

NDOO INAYOONDOKA BILA JINA

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafuga nyuki katika kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora. Wanakikundi wanatundika mizinga kwenye miti ya porini, mitundu, miyombo na miuba. Wanarina usiku kwa moshi. Wanachuja asali na kuitia katika ndoo za lita 20.

Mchuuzi anakuja na gari. Anapanga bei yeye. Anapakia ndoo na kuondoka. Huko mjini asali inatiwa katika chupa ndogo na kubandikwa karatasi yenye jina la mtu mwingine. Mlaji hajui kama duniani kuna mahali panaitwa Ntalikwa.

Mchuuzi si adui. Ana gari, na anawajua wanunuzi. Sisi hatuwajui. Ndiyo maana yeye ndiye anayepanga bei.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, lakini lita 1 ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Basi ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ni:

20 × 1.4 = kilo 28

Mtu akikulipa kana kwamba ndoo hiyo ni kilo 20, umempa kilo 8 bure. Asiyejua kuhesabu anaibiwa kwenye mizani. Asiyejua kuandika anapotea kwenye soko, kwa sababu hakuna anayejua kama yuko.

ALIYEANDIKA NDIYE ALIYEJULIKANA

Jambo hili si geni hapa kwetu. Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilitoka pwani, Bagamoyo. Nyingine ilikwenda Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu na vitambaa mabegani kwa miezi mingi.

Mwaka 1871 alifika Tabora mtu mmoja aitwaye Stanley. Alitumwa na gazeti la Marekani, New York Herald, amtafute Daktari Livingstone. Alimkuta Ujiji mwaka huo huo. Mwaka 1872 walirudi pamoja mpaka Kwihara, karibu na Tabora, na mahali walipokaa pamewekwa makumbusho.

Kwa nini mwenye gazeti alitoa fedha nyingi kwa safari hiyo? Alijua kwamba watu wa Marekani watataka kusoma habari hizo, na ili wazisome watanunua gazeti lake. Habari iliyotoka huku kwetu iliuza gazeti New York.

Lakini ndugu msomaji, jiulize: mizigo ilibebwa na nani? Njia ilijulikana na nani? Wapagazi ndio waliobeba na kuongoza. Wengi wao majina yao hayajulikani leo. Stanley anajulikana dunia nzima, kwa sababu ndiye aliyeandika.

Basi tusikubali asali yetu iwe kama wapagazi wale, ibebe mzigo wote halafu jina lipotee.

JE, KIZURI CHAJIUZA?

Wazee husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli. Asali mbovu hata uitangaze namna gani, mnunuzi hatarudi mara ya pili.

Lakini methali hii ni ya gulio, mahali ambapo mnunuzi anapita, anaona, anaonja. Mtu aliye Mwanza au Dar es Salaam hawezi kuchovya kidole katika ndoo yako. Kwake yeye, asali asiyoisikia ni asali isiyokuwepo. Ndiyo maana wafanyabiashara wana msemo wao: biashara matangazo.

Matangazo yako ya namna nyingi. Kuna ya kupiga kelele: "Asali! Asali bora! Njooni!" Hayo watu wanayapita kama wanavyopita kelele za stendi. Na kuna ya kufundisha. Katika haya unampa mtu maarifa kwanza, bila malipo. Mwishoni unamwambia wewe ni nani na unapatikana wapi. Haya ya pili ndiyo somo letu.

WENGINE WALIFANYAJE?

Mwaka 1895 kampuni ya John Deere ya Marekani, watengenezaji wa plau na zana nyingine za shamba, ilianza kutoa gazeti la wakulima liitwalo The Furrow. Gazeti hilo lilifundisha mambo ya kilimo. Mkulima akishajifunza na kupata mavuno, anakumbuka nani alimfundisha. Siku ya kununua plau, anajua aende wapi.

Hapa kwetu wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Hatukuuziwa kitu. Tulipewa vitabu, tukasikiliza redio katika vikundi, tukajadiliana. Baada ya hapo watu wakachimba vyoo na kusafisha visima. Maneno machache, yaliyo wazi, yaliwatoa watu vitini wakashika majembe. Kama maneno yaliweza kumfanya mtu achimbe choo, yanashindwaje kumfanya anunue asali safi?

MAZUNGUMZO

Mwalimu: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba, mwalimu. Nimesikia unasema tuandike makala. Mimi naandika polepole, na maneno makubwa sina.

Mwalimu: Maneno makubwa hayatakiwi, mzee wangu. Wewe umefuga nyuki miaka mingapi?

Mzee: Tangu kijana. Baba yangu alinifundisha.

Mwalimu: Wanunuzi wanakuuliza nini mara kwa mara?

Mzee: Aa, hao! Kila mwaka swali ni hilo hilo. Asali ikiganda wanasema eti nimetia sukari.

Mwalimu: Na wewe unawajibuje?

Mzee: Nawaambia asali kuganda ni kawaida yake. Iweke katika maji ya uvuguvugu itayeyuka. Usiichemshe.

Mwalimu: Basi, mzee, hayo uliyosema ndiyo makala. Tuyaandike tu.

Unaona, ndugu msomaji? Makala nzuri inaanzia kwenye swali la mnunuzi. Swali moja, makala moja. Usichanganye mambo kumi katika karatasi moja.

MFANO WA MAKALA

Soma mfano huu kwa sauti, halafu tutaueleza.

*Asali Ikiganda, Je, Imetiwa Sukari?*

*Watu wengi wakiona asali imeganda wanadhani wamepunjwa. Si lazima iwe hivyo. Asali safi nayo huganda. Ndani yake mna sukari za asili za namna mbalimbali. Moja ya sukari hizo hujikusanya na kufanya chembechembe, hasa wakati wa baridi. Asali nyingine huganda upesi, nyingine huchelewa, kwa kadiri ya maua ambayo nyuki walikwenda.*

*Ufanye nini? Weka chupa katika sufuria yenye maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unayavumilia. Ngoja mpaka ilainike. Usiichemshe motoni, maana harufu na ladha yake vitaharibika.*

*Wengine huchovya njiti ya kiberiti katika asali ili waone kama itawaka. Wengine hudondosha asali katika maji. Vipimo hivyo haviaminiki. Mwenye shaka aipeleke asali ipimwe na wataalamu.*

*Angalizo: usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda.*

*Makala hii imeandikwa na kikundi cha wafuga nyuki wa Ntalikwa, Tabora. Tunarina masega yaliyozibwa na nyuki wenyewe, hatuchanganyi kitu. Ukitaka kujua zaidi au kuagiza, tupigie simu namba (andika namba) au tembelea tovuti yetu (andika jina la tovuti).*

Sasa tutazame. Kichwa ni swali ambalo msomaji anajiuliza mwenyewe. Katikati ni jibu la kweli, ambalo litamsaidia hata asiponunua kwetu. Tumemwambia hata jambo linalompunguzia mnunuzi mmoja: mtoto mchanga asipewe asali. Je, tumepata hasara? Hapana. Mama aliyeonywa hivyo atasema: "Hawa hawadanganyi." Uaminifu wa namna hiyo haununuliwi kwa fedha.

Mwishoni ndipo tumejitaja, kwa sentensi mbili au tatu. Huo tuuite mkia wa makala. Mkia usiwe mrefu kuliko mnyama! Makala ikiwa ni sifa zako tu tangu juu hadi chini, msomaji anaitupa, na mhariri wa gazeti hataichapa.

TOVUTI NI DUKA, MAKALA NI NJIA

Baadhi yenu mtauliza: tovuti ni nini? Tovuti ni kurasa zilizowekwa katika intaneti, ambazo mtu anaweza kuzifungua kwa simu au kompyuta popote alipo, usiku na mchana. Ifikirie kama duka lisilofungwa. Humo mnaweka picha za asali yenu, bei, namna ya kuagiza, na makala zenu zote.

Lakini duka likijengwa katikati ya pori pasipo na njia, nani atalifikia? Tabora ilikua kwa sababu njia zilikutana hapo. Tovuti nayo inataka njia. Makala zenu ndizo njia. Kila makala inayosomwa mahali pengine, na ambayo mkia wake unataja tovuti yenu, ni njia moja inayoelekea dukani.

Peleka makala mahali ambapo wanunuzi wako tayari wanasoma au kusikiliza:

1. Magazeti na majarida ya wakulima. Mfano mmoja ni Mkulima Mbunifu, jarida la Kiswahili lililoanza kutolewa mwaka 2011.
2. Redio za mikoani. Makala fupi inaweza kusomwa katika kipindi cha kilimo.
3. Tovuti za watu wengine wanaoandika juu ya chakula, mapishi na afya. Waombe kwa adabu waichape makala yako pamoja na mkia wake.
4. Makundi ya simu ya vyama vya ushirika, ya wazazi, ya waumini. Usiwachoshe kwa kutuma kila siku.

Kama kikundi hakina tovuti, msingoje. Anzeni na namba ya simu moja ambayo haibadiliki na mtu mmoja wa kuipokea. Tovuti itafuata. Kijana wa kijijini aliyesoma kompyuta anaweza kuwasaidia. Lakini jina la tovuti liandikishwe kwa kikundi, lisiandikishwe kwa mtu mmoja. Siku kijana akihama, asihame na duka.

Kuna sheria pia. Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, nazo zimebadilishwa baadaye. Ulizeni TCRA kama tovuti yenu inahitaji leseni. Na kwa ubora wa asali na karatasi za chupa, ulizeni TBS na SIDO kabla ya kuanza.

MITEGO YA KUEPUKA

Mtego wa kwanza ni uongo. Usiandike kwamba asali yako inaponya kisukari, shinikizo la damu au saratani. Mgonjwa anaweza kuacha dawa ya hospitali kwa ajili ya maneno yako. Hakuna ndoo ya asali yenye thamani ya roho ya mtu.

Mtego wa pili ni wingi usio na kitu. Huko nyuma watu wa nchi za nje waligundua kwamba makala huvuta wanunuzi. Wakaanza kuandika makala mia kwa mia, za haraka haraka, maneno yale yale yamegeuzwa kidogo. Wakazijaza katika tovuti. Mwezi Februari 2011 Google, chombo ambacho watu hutumia kutafutia mambo katika intaneti, ilibadilisha namna yake ya kupanga kurasa. Tovuti nyingi zenye makala za juu juu zikasukumwa chini, na wageni wakapungua. Waliozoea kuvuna bila kulima wakaona njaa. Leo zipo pia programu za simu zinazoandika zenyewe. Zinaweza kukusaidia kusahihisha maandishi, lakini mtundu hauchanui ndani ya simu. Wewe ndiye unayejua maua yalichanua lini mwaka huu.

Mtego wa tatu ni kuahidi usichonacho. Makala ikivuta watu hamsini na wewe una chupa kumi, sema wazi kwamba zimebaki kumi. Mwambie mnunuzi msimu ujao ni lini. Mtu aliyelipa kwa simu halafu asione mzigo atawaambia wenzake, na habari mbaya haihitaji makala.

Mtego wa nne ni kuvuna haraka. Watu wakiagiza, wengine hushawishika kurina masega mabichi ambayo nyuki hawajayaziba. Asali hiyo ina maji mengi. Kipimo cha kimataifa ni kwamba maji katika asali yasizidi sehemu 20 katika 100. Yakizidi, asali inaweza kuchacha ndani ya chupa. Hapo jina mlilolijenga kwa kalamu litabomoka kwa chupa moja.

WEKENI HESABU

Mtajuaje kama makala inafanya kazi? Wekeni daftari. Kila mtu anayepiga simu au kuagiza aulizwe swali moja: "Ndugu, habari zetu umezipata wapi?" Andikeni jibu.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Tuseme makala moja imewaleta wageni 200 katika tovuti. Kati yao 20 wamepiga simu. Kati ya hao 20, wanne wamenunua, kila mmoja kilo 3.

4 × 3 = kilo 12

Utasema: ni kidogo. Kweli ni kidogo. Lakini makala haioliwi ikaisha kama ugali. Mwezi ujao mwingine ataisoma. Makala ya pili itaongezea ya kwanza. Na wale wanne wakiridhika, watarudi bila kuitwa. Kama daftari linaonyesha kwamba makala fulani haimleti mtu, iacheni, jibuni swali jingine.

Na jambo kubwa ni hili. Mchuuzi akija na gari lake mtakuwa na daftari mkononi. Mtamwambia: "Mjini tunauza kilo kwa bei hii. Wewe unatoa ngapi?" Hapo si yeye peke yake anayepanga bei.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

1. Kutaneni watu watano. Kila mmoja ataje swali moja ambalo wanunuzi humwuliza.
2. Chagueni swali moja. Anayelijua vizuri aeleze, mwingine aandike.
3. Someni mlichoandika mbele ya mtu asiyefuga nyuki. Pale asipoelewa, badilisheni.
4. Andikeni mkia wa sentensi tatu tu.
5. Pelekeni makala mahali pamoja kwanza. Wekeni nakala nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa kilo ngapi? Kijijini kwenu inalipwa kwa ndoo au kwa kilo?
2. Methali "kizuri chajiuza" ina ukweli kiasi gani kwa mnunuzi aliye mbali?
3. Kwa nini makala yetu ya mfano iliwaonya wazazi wa watoto wachanga?
4. Mwenzenu anataka kuandika kwamba asali yenu inaponya magonjwa yote. Mtamjibu nini?
5. Kama hamfugi nyuki, mna mpunga, karanga, vikapu au uyoga. Wanunuzi wanauliza nini juu ya vitu hivyo?

MAANA YA MANENO

Makala: maandishi mafupi yanayoeleza jambo moja.
Mhariri: mtu anayechagua na kusahihisha maandishi ya gazeti.
Kurina: kutoa asali katika mzinga.
Tovuti: kurasa za mtu au kikundi katika intaneti.
Kuchacha: kuharibika na kuwa na ladha ya uchachu.

Ndugu msomaji, ichomoe kalamu kwenye makuti. Msimu wa kurina hauko mbali, na safari hii ndoo isiondoke bila jina.